Uzi: Dragi ya Marekani, mbona daraja tunalolishangilia silo wanaloshindania madereva wenyewe?

Fundi wa Langoni (mwanzilishi)

Asalaam aleykum wanajamvi. Msinicheke. Nakaa Lamu, mji ambao mzigo ni wa punda na safari ni ya boti, na bado Jumapili usiku baada ya isha tunakusanyika saba kwenye baraza ya ami yangu kuangalia mbio za dragi za Marekani, magari mawili yakishindana kwenye njia fupi iliyonyooka. Simu moja, imeegemezwa kwenye dele la kahawa. Kwao ni mchana, kwetu ni saa tatu, saa nne usiku. Fainali za Pomona za Novemba ndizo hutukesha kabisa, maana California iko nyuma yetu saa 11.

Jana ukazuka ubishi juu ya hilo la kichwa cha uzi, nikaona niulete huku kwa sababu kule barazani mwenye koo kubwa ndiye hushinda.

Kwa asiyejua: chama chao ni NHRA, alikianzisha Wally Parks mwaka 1951. Madaraja makubwa ya kulipwa ni manne. Top Fuel ni yale marefu membamba kama ngalawa, injini iko mgongoni kwa dereva. Funny Car ina injini ya aina hiyohiyo ila gari ni fupi, limevishwa bodi, na dereva anakaa nyuma ya injini. Hayo mawili yanakunywa nitro, yaani mafuta ya nitromithani. Pro Stock ni gari lenye sura ya gari, halina supachaja wala turbo ya kusukumia hewa, linavuta pumzi yake lenyewe. Halafu kuna Pro Stock ya pikipiki.

Zikija za nitro, baraza kimya. Hata muuza kahawa anasimamisha vikombe vyake. Ikija Pro Stock mmoja anajibu simu, mwingine anakwenda chooni, na binamu yangu ndiyo saa yake ya kwenda kununua viazi karai. Nabaki mimi na kioo. Mimi ni fundi wa mashine za boti, labda ndiyo sababu.

Ninavyoona, anachokipenda mtazamaji na anachokipenda anayekimbia ni vitu viwili, na huna haja ya kupanda ndege kuliona hilo. Simama ufukoni hapa siku ya mashindano ya Maulidi. Punda wakitoka, mji mzima uko pale. Mtoto anaanguka, punda mwingine kageuka anarudi kwao, watu hoi kwa kicheko. Zikija mashua, zikishapiga tanga na kwenda mbali, nusu ya watu washatawanyika. Sasa mwendee nahodha yeyote umuulize angetaka kushinda punda au mashua. Atakutazama kama uliyemtukania mama.

Mwasemaje?

Gede Turbo

Malindi hapa. Fundi, umeuliza na umejijibu. Nani alipe kiingilio akaangalie sekunde sita na nusu za Chevrolet Camaro inayokimbizana na Camaro? Top Fuel ni nguvu za farasi 11,000 na zaidi, sekunde 3 na ushee kwa mita 305, na mwendo umeshapita kilomita 540 kwa saa. Hicho ndicho kinachouza tiketi. Uzi ufungwe.

Kijana wa Faza

Kwani viazi vilibaki? 😂

Baharia Mstaafu

Wanangu, mimi nimefika. Nilikaa New Jersey miaka, kwanza nikiosha vyombo, halafu nikiendesha lori la mikate. Mwenzangu wa kazini alinichukua Englishtown, kabla uwanja ule haujaacha dragi mwaka 2018. Nitawaambia ambayo simu haiwezi kuwaambia.

Tiketi ya NHRA inakuingiza mpaka kule wanakotengeneza magari. Unasimama hatua chache na fundi, katikati kamba tu. Nilikuta injini imevuliwa yote. Vichwa chini, pistoni chini, klachi nje, na watu wamejikunja kila mmoja na upande wake, hakuna anayesema na mwenzake. Kati ya raundi na raundi wana kama dakika 40 kuivunja na kuirudisha. Walipomaliza wakaiwasha palepale kuijaribu. Mwenzangu akanivuta shati, "rudi nyuma." Mimi mjuaji nikabaki. Ulivyonipata ule moshi! Macho yakajifunga, koo likakaba, machozi kama niliyemenya vitunguu vya harusi nzima. Watu wazima wanakimbia, wanacheka na wanalia kwa wakati mmoja. Baada ya dakika mbili haohao wanarudi kusimama palepale.

Jukwaani ndiyo usiseme. Masikio nilikuwa nimeyaziba, kwa hiyo sauti sikuisikia, niliipata kwenye mbavu. Kopo la soda nililoliweka chini lilitembea lenyewe.

Ikaja Pro Stock, na ni kweli, watu wakainuka kwenda kununua chakula. Lakini niliona kitu. Mafundi wawili watatu wa Funny Car, mikono bado ina grisi, walikuja kwenye uzio kutazama. Siku ile sikuelewa kwa nini.

Fundi wa Langoni

Baharia, Mungu akuweke. Hao watu kwenye uzio ndio uzi wangu wenyewe.

Gede, nitro siikatai. Ngoja niieleze kwa lugha ya karakana. Petroli inataka hewa yenye uzito wa karibu mara 15 ya uzito wake ndipo iungue sawasawa. Nitromithani inataka 1.7 tu, kwa sababu oksijeni imeibeba tumboni. Kwa hiyo pumzi ileile ya injini unaimiminia mafuta mara nane na zaidi. Safari moja, ukihesabu na kule kuchoma tairi, imekula zaidi ya lita 40. Plagi zimekwisha kabla gari halijafika mwisho, kutoka hapo injini inajiwasha kwa joto lake, na hainyamazi mpaka ikatiwe mfereji wa mafuta. Silinda moja ikizimika, mafuta yasiyoungua yanajaa mle ndani, na mafuta si hewa, hayabanwi. Hapo ndipo mnapoona bodi la Funny Car linaruka juu na moto nyuma yake. Sisi barazani tunapiga makelele. Yule bwana amekaa nyuma ya hiyo injini.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka jana nilichoma mashine ya boti ya farasi 40 nikiwa na abiria wanne na mbuzi wawili, karibu na Ras Kitau. Kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimesafisha kabureta, kijitundu kimoja kikabaki na chembe ya mchanga. Asubuhi mashine ikapiga resi tamu, tamu kweli, nikajisifu moyoni, leo fundi nimekamilika. Kumbe ilikuwa inaimba kwa njaa. Mafuta kidogo, hewa tele, joto linapanda. Ikatoa mlio mmoja mwembamba, ikakamata. Nilipoifungua, pistoni ilikuwa na tundu la kuingia kidole cha shahada, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Tulivutwa na mashua ya mchanga mpaka gatini, mbuzi wanapiga kelele, watu wanauliza fundi ni nani.

Tangu siku hiyo nikimwona mtu wa Pro Stock, asiye na supachaja ya kumfichia makosa, anahangaika na njia ya hewa kwenye kichwa cha injini apate nafuu ya sehemu ya elfu ya sekunde, mimi siendi kununua viazi.

Mwana wa Matondoni

Fundi nakuunga mkono nusu. Kwamba ni daraja la mafundi, sawa. Lakini usiwalaumu watazamaji, maana Pro Stock ilikuwa yao, wakanyang'anywa.

Ilipoanza mwaka 1970 ilikuwa vita ya uani. Bill Jenkins alishinda Pomona mwaka huo na Camaro yake, Ronnie Sox akaja na Plymouth, na Ford nao walikuwamo. Yule wa jukwaani alikuwa na gari la jamii ileile nyumbani, akimshangilia Jenkins anajishangilia yeye. Leo karibu safu yote ni Camaro. Mwaka 2016 NHRA wakabadilisha: kabureta zikatoka ikaingia sindano ya mafuta ya kielektroniki, lile pua la hewa juu ya boneti likaondoka, mizunguko ya injini ikafungwa 10,500 kwa dakika. Walidhani gari likifanana na la barabarani watu watarudi. Mwaka 2019 Pro Stock ikapangiwa mashindano 18 tu kati ya 24.

Chukua regata yetu. Kuna mashua ya Shela, ya Lamu, ya Matondoni. Ondoa vijiji, uache matanga matupu, nani atapiga kigelegele?

Bi Rukia

Mwana wa Matondoni, mashua zote hizo mwazichonga nyinyi hukohuko kwenu. Fundi ni mmoja, mbao ni zilezile, na bado watu wanapasuka koo. Kwa nini? Kwa sababu nahodha ni mtoto wa fulani. Basi hoja yako ya Camaro imeshaingia maji.

Watu wanafuata mtu. John Force ana ubingwa mara 16 wa Funny Car, na alipokuwa bado anakimbia wengine walikuwa wanamsubiri aongee tu, mbio baadaye. Na nyinyi wanaume mmezungumza posti sita hakuna aliyemtaja Shirley Muldowney, bingwa wa Top Fuel mwaka 1977, 1980 na 1982, nyinyi wengine hamjazaliwa. Erica Enders amechukua hiyo Pro Stock mnayoikimbia mara sita. Angelle Sampey alichukua ya pikipiki miaka mitatu mfululizo, 2000 hadi 2002.

Mimi naangalia pikipiki. Hakuna bodi la kumficha mtu. Unamwona amelala juu ya tangi, kidevu chini, gia anabadili kwa kidole, na pikipiki inapita kilomita 320 kwa saa. Akitikisika unamwona ametikisika. Na yule Antron Brown anayesifiwa kwenye Top Fuel alianzia kwenye pikipiki hizohizo. Alihamia mwaka 2008, mwaka 2012 akawa bingwa wa kwanza mweusi wa Top Fuel, akarudia 2015, 2016 na 2024.

Kijana wa Faza

Bi Rukia yana ulisema mpira ni upuzi, leo wawajua bodaboda wote wa Marekani kwa majina na miaka 😂

Bi Rukia

Bodaboda ni wewe, na ile nauli ya Mokowe hujanilipa.

Kijana wa Faza

Samahani dada yangu. Ntalipa.

Swali moya: hizo mita 305 ni za wote? Kuna mtu aliniambia dragi ni robo maili.

Gede Turbo

305 ni kwa wote sasa.

Mwana wa Matondoni

Si kweli Gede. 305 ni Top Fuel na Funny Car. Pro Stock na pikipiki bado wanakwenda robo maili kamili, mita 402. Badiliko lilikuja Julai 2008, baada ya Scott Kalitta kufariki mwezi wa Juni kwenye Funny Car.

Baharia Mstaafu

Na alifia palepale Englishtown. Mimi niliingia mwaka uliofuata. Mwenzangu alinionyesha mstari wa zamani na mpya. Kulikuwa na wazee nyuma yetu wananung'unika kwamba si dragi tena, robo maili ni robo maili. Halafu gari likapita, wakanyamaza na kusimama kama wengine. Nilikwenda mara tatu baada ya hapo na manung'uniko hayo sikuyasikia tena.

Gede Turbo

Sawa, kwenye mita nimeteleza. Lakini nimekaa nimefikiri, na naona sote tumekosea swali.

Tumehesabu madaraja manne, tukabishana yupi anapendwa. Madereva wengi wa dragi Marekani hawamo kwenye hata moja ya hayo. Wamo chini, kwenye yale madaraja ya watu wa wikendi, ambako mtu anaandika mwenyewe kwenye kioo muda atakaotumia. Tuseme mimi nimeandika 12.50 na wewe 10.00. Taa yangu inawaka mapema, naondoka, wewe unasubiri sekunde mbili na nusu ndipo unifuate. Atakayetangulia kufika ameshinda, ila ukienda kasi kuliko ulivyoandika umejifunga mwenyewe. Kwa hiyo gari la baba la kwenda sokoni linaweza kumtoa mtu mwenye injini ya mamilioni.

Jukwaa linakuwa tupu wakati huo. Sisi wenyewe barazani hatujawahi hata kuyaona, hayaonyeshwi. Na ndiko kuliko na watu, baba na mtoto wake, mstaafu na mkewe. Anayekimbia hachagui daraja linalopendwa, anachagua analoweza kulilipia Jumatatu. Ninalo Subaru, mwaka huu nimeshaweka klachi ya pili, na sijashindana na binadamu, ni kile kilima cha kuingilia shambani tu. Nikisikia wenzetu wa Top Fuel wanavunja klachi kila baada ya sekunde nne, naheshimu, lakini sitamani.

Kwa hiyo Fundi, punda wako na mashua umewapatia, ila umesahau wale wanaovua. Wengi wenye mashua Lamu hawashindani siku yoyote ya regata.

Fundi wa Langoni

Gede nimekupa mkono. Hilo sikulifikiria.

Ila nikuongeze. Hawa wa wikendi na wale wa Pro Stock ni ndugu kuliko wanavyofanana na nitro, kwa sababu wote wanaishi kwenye taa. Kwenye Top Fuel gari likiteleza tairi limekwisha, mbio hazina maneno. Kwenye Pro Stock magari yote yanakaribia kuwa sawa, basi dereva ndiye anayebaki. Madaraja ya kulipwa taa zote tatu za manjano zinawaka pamoja, na kijani inakuja sehemu nne za kumi ya sekunde baadaye. Ukiisubiri kijani umechelewa, ukiiwahi ni nyekundu, umetoka. Unaondoka kwenye manjano na kutegemea kwamba mwili wako na gari vitafika pamoja na kijani.

Mwana wa Matondoni

Kama kubisha mashua. Ukingoja tanga lijae ndipo uugeuze usukani, mwenzio ashakupita kwenye boya.

Fundi wa Langoni

Umemaliza.

Fundi wa Langoni (siku nane baadaye)

Narudi na habari. Jumapili nilifanya jaribio. Ilipofika Pro Stock nikaizima sauti ya simu, nikawaambia jamani msiangalie magari, angalieni ule mti wa taa na tairi la mbele, basi. Nikawaeleza kwamba saa ya kila gari inaanza kuhesabu tairi linapoondoka, si kijani inapowaka, kwa hiyo mtu anaweza kutumia 6.55 akamshinda wa 6.54 ikiwa ameshtuka mapema pale mwanzo.

Wawili wakabaki. Binamu yangu alishavaa ndara, kasimama mlangoni na noti mkononi. Raundi ya pili likatokea lilelile nililolisema, mwenye muda mbaya kapita mbele kwa upana wa boneti. Binamu akarudi hatua moja, akasema, "Hebu rudisha nyuma." Nikarudisha. "Tena." Mara ya tatu akashika simu mwenyewe, akaisogeza karibu na uso, kahawa ya ami ikamwagika kwenye mkeka.

Kisha zikaja Funny Car, moja ikapasuka, bodi likaruka, na baraza nzima ikapiga ukelele hadi jirani akafungua dirisha. Binamu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Viazi tulikula baridi.

Bi Rukia

Na pikipiki?

Fundi wa Langoni

Wiki hiyo hazikuwapo, Bi Rukia. Nazo hazishindani kila mara. Zikirudi nitakuita, uje na shemeji, ila mkeka mje nao, wetu unafuliwa.